Mtoto wa Kupakatwa Naye ni Abiria

Ramadhani ikisha na sikukuu ikipita, huingia Mfunguo Mosi, na Mfunguo Mosi kisiwani Pemba ni mwezi wa harusi. Mialiko huenda kila upande: kutoka Konde hadi Kengeja, kutoka Wete hadi Unguja, na kutoka huko hadi Tanga na Dar es Salaam, ambako watu wa Pemba wametawanyika kwa kazi na biashara. Ni nadra kuikuta nyumba isiyokuwa na safari. Na kwa kuwa shughuli ya harusi imo mikononi mwa kina mama, wao ndio wapikao, waimbao na wampambao bibi harusi, aghalabu msafiri huwa ni mama, na mara nyingi mama huyo huwa na mtoto mchanga kifuani.

Ni juu ya mtoto huyo tunapenda kuzungumza leo.

Tuanze kwa kusema kwamba hatuoni kosa katika safari yenyewe. Shoga aliyesoma nawe chuoni, aliyekuja kukukandia maji ulipojifungua, anapoolewa Unguja, kutokwenda ni jambo zito. Mama asipokwenda atalaumiwa. Akenda na kumwacha mtoto, mtoto atakosa ziwa. Basi humfunga kwa kanga, hushika mkoba wake na alfajiri hupanda gari kwenda bandari ya Mkoani. Udugu wa visiwa hivi umejengwa kwa kujiana katika furaha na misiba, na anayevuka bahari ili kutimiza haki ya mwenziwe anastahili sifa. Tusemalo ni kwamba mtoto yule, ambaye hana kiti na ambaye machoni mwa wengi ni sehemu ya mzigo wa mama yake, ni roho kamili, na hapana budi ahesabiwe hivyo.

Wasomaji wetu hawahitaji kukumbushwa usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011. Meli ya MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kuja Pemba, ilizama karibu na Nungwi. Ulikuwa ni mwezi huo huo wa Mfunguo Mosi, siku chache baada ya Idi, wakati watu wanaporudi makwao na wengine wakienda kwenye shughuli zao. Chombo kilichokuwa na ruhusa ya kuchukua abiria wapatao 600 kilipakia, kwa mujibu wa tume iliyochunguza mkasa huo, zaidi ya watu 2,000. Maiti zilizopatikana zilikuwa takriban 200. Waliobaki, wakubwa kwa wadogo, bahari haikuwarudisha. Hata haikuwezekana kujua mara moja ni watu wangapi walikuwamo, kwa sababu orodha ya abiria haikulingana na watu waliopanda. Ikiwa mtu mzima mwenye jina na sauti aliweza kupotea bila ya kuandikwa popote, je, mtoto wa miezi mitatu aliyefichika ndani ya kanga ya mama yake?

Mwaka uliofuata, Julai 18, 2012, MV Skagit nayo ilizama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Na Januari 2014, MV Kilimanjaro II ilipokuwa ikitoka Pemba kwenda Unguja, mawimbi makali ya mkondo wa Nungwi yaliwatupa baharini baadhi ya abiria.

Husemwa kuwa ajali haina kinga. Msemo huu tumeutumia vibaya. Wimbi la ghafla ni kudra. Kuzidisha abiria ni uamuzi wa mtu aliyekaa bandarini akikata tiketi. Dini iliyotufundisha kutawakali ndiyo hiyo hiyo iliyotufundisha kumfunga ngamia kwanza.

Upo Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha ya Watu Baharini wa mwaka 1974, ambao umekuwa ukirekebishwa kila baada ya muda. Kwa meli za abiria zenye safari isiyofika saa 24, mkataba huo unataka kuwe na majaketi ya kujiokolea ya watoto wachanga yasiyopungua asilimia 2.5 ya idadi ya abiria, na ya watoto wakubwa kidogo yasiyopungua asilimia 10. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto mchanga: humchopoka, au humziba uso. Ni kweli kwamba mkataba huo umewekwa kwa safari baina ya nchi na nchi, lakini maji ya Nungwi hayaulizi kama safari ni ya ndani au ya nje. Mwaka 2015 Serikali ya Mapinduzi iliipokea MV Mapinduzi II, iliyojengwa Korea ya Kusini kwa uwezo wa abiria 1,200. Kwa kipimo hicho, meli ya ukubwa huo ingepaswa kuwa na majaketi 30 ya watoto wachanga na 120 ya watoto wengine. Katika msimu wa harusi hata 30 huenda yasitoshe.

Kwa hiyo tunawaomba wakubwa wanaohusika, kuanzia Mamlaka ya Usafiri Baharini hadi wasimamizi wa bandari na wenye vyombo, wahakikishe mambo matatu: kila mtoto aandikwe kwa jina katika orodha ya abiria, hata kama halipi nauli, majaketi ya watoto yawepo na mabaharia wawaonyeshe kina mama namna ya kuyafunga kabla ya ng'oa nanga, na wenye watoto wapewe nafasi ndani ya chombo, si sitahani. Mashua zinazovuka kwenda Kojani, Fundo na Makoongwe zisisahauliwe, maana harusi za huko nazo zina wageni wenye watoto.

Kina mama nao wana wajibu wao. Anayeona chombo kimeshona asione haya kurudi nyumbani. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita hahitaji maji ya njiani wala sharubati ya harusini. Ziwa la mama linamtosha hata kwenye joto. Anayevuka kwenda Bara achukue kadi ya kliniki na chandarua chenye dawa. Visiwa vyetu vimeishusha malaria kwa jitihada kubwa, kwa vyandarua, dawa mseto na kupiga dawa majumbani, na kwa sababu hiyo mtoto aliyezaliwa Pemba hana mazoea na ugonjwa huo. Akirudi kutoka Tanga au Dar es Salaam na homa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na daktari aelezwe alikotoka.

Mwisho, neno kwa wenye harusi. Kuitika mwaliko wa walima ni jambo lililosisitizwa, lakini wanavyuoni wamekubali udhuru, na sheria iliyompunguzia msafiri sala na kumruhusu mnyonyeshaji kufungua haiwezi kumdhiki mama mwenye kichanga wakati bahari imechafuka. Aliyetuma tunzo na dua asihesabiwe kuwa amekata udugu. Masheha na viongozi wa matawi, ambao hukaa na watu barazani kila jioni, wanaweza kulisema hili vizuri kuliko gazeti. Tungefurahi kama lingesemwa kabla ya Mfunguo Mosi ujao, wakati tiketi bado hazijakatwa.