Mama anatimiza miaka 70, wageni 40 watakula nyumbani: Kipikwe nini?

Dar es Salaam. Kikao huanza kwa utulivu. Dada mkubwa amefungua daftari, kaka anasikiliza kwa simu akiwa mkoani, wifi amekaa karibu na mlango ananyonyesha. Mama anatimiza miaka 70 Jumamosi ya mwisho wa mwezi na wote wamekubaliana kwamba sherehe itafanyika nyumbani, siyo ukumbini. Ubishi unaanza pale dada anapoandika neno "pilau".

Mmoja anasema pilau peke yake ni chakula cha msibani, liongezwe biriani. Mwingine anataka ndizi nyama kwa sababu ndicho chakula cha kwao na mama. Watoto wanataka chipsi kuku. Kaka wa kwenye simu anaahidi ndafu. Nusu saa baadaye daftari lina vyakula 14, na hakuna aliyeuliza vitapikwa kwenye majiko mangapi, wala mama mwenyewe, ambaye ana kisukari kwa miaka kadhaa sasa, atakula kipi kati ya hivyo.

Familia nyingi hupanga chakula cha sherehe zikiogopa maneno ya watu: wageni watasemaje meza ikiwa na vyungu vitano tu? Ni hofu inayoeleweka. Lakini mgeni aliyekula vyakula 14 kisha akaamkia chooni usiku kucha anakuwa na maneno mengi zaidi.

Kadi inasema saa 12, sahani inatoka saa 3

Chukua mfano wa nyumba yenye jiko la gesi la pleti mbili, majiko mawili ya mkaa na friji moja ya kawaida. Vyakula 14 kwa majiko manne maana yake ni kwamba cha kwanza kitaepuliwa asubuhi. Kadi ya mwaliko inasema saa 12 jioni. Wageni wanafika saa 1 na nusu, kunafuata sala, utambulisho wa ndugu wa pande zote mbili, keki, na wajomba wawili wanaoomba kusema neno fupi ambalo haliwi fupi. Sahani ya kwanza inapakuliwa saa 3 usiku. Pilau lililoepuliwa saa 8 mchana, kabla mpishi hajaenda kuoga, limekaa saa saba.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa mbili. Kikisubiri kuliwa, kibaki cha moto kweli, zaidi ya nyuzi joto 60, au kiwe kwenye friji chini ya nyuzi joto 5. Kati ya hapo ndipo bakteria wanapozaliana kwa kasi, na jiko la Dar es Salaam mchana wa joto ni mahali pao hasa.

Wali una hatari yake ambayo watu wengi hawaijui. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye hukaa kwenye mchele akiwa kama mbegu ngumu isiyokufa hata kwa maji yanayochemka. Wali ukiachwa upoe taratibu, mbegu hizo zinaamka, zinazaliana na zinaweza kuacha sumu inayosababisha kutapika. Sumu hiyo haiondolewi kwa kupasha moto. Ndiyo maana kauli ya "kitapashwa tu wageni wakifika" haitoshi.

Sufuria kubwa ya mchuzi wa nyama nayo hupoa polepole sana katikati, hata kama juu inaonekana imepoa. Bakteria wengine, Clostridium perfringens, hupenda hali hiyo, na matokeo yake ni tumbo kukata na kuharisha saa kadhaa baada ya kula.

Kwa hiyo menyu ya nyumbani ianze na idadi ya majiko. Kwa majiko manne, vyakula vikuu vinne au vitano vinatosha, kila kimoja kikiwa na muda wake. Wapishi wa sherehe hukadiria kilo 1 ya mchele kwa watu 8 hadi 10, hivyo kilo 5 zinawatosha wageni 40 wenye vyakula vingine mezani. Pilau la kilo 5 likiwekwa motoni saa 11 jioni, likakaushwa kwa makaa juu ya mfuniko, linawakuta wageni wakiwa wanaketi. Likibidi kusubiri hotuba, libaki kwenye sufuria yake nzito juu ya makaa yenye moto, lisimiminwe kwenye masinia mapema ili lipigwe picha.

Vingine vinaweza kutangulia bila madhara. Chapati ni kavu na zinavumilia kupikwa siku hiyohiyo mchana. Sambusa zinafungwa siku moja kabla, zinalala kwenye friza na kukaangwa wageni wanapoingia, na zinawatuliza wenye njaa. Maharage yanaweza kuchemshwa jana yake, yakapozwa haraka kwenye vyombo vipana na kuwekwa kwenye friji. Nazi isubiri hadi siku yenyewe, dakika za mwisho, kwa kuwa chakula cha nazi huchacha upesi. Kila mama aliyewahi kufunua sufuria ya kisamvu cha jana analijua hilo bila kuambiwa na daktari.

Ndafu inapendeza, lakini

Ndafu ni mapambo kwanza, chakula baadaye. Mbuzi mzima huchomwa kwa saa nyingi, anaiva nje mpaka anakuwa wa rangi ya dhahabu, huku nyama iliyo karibu na mfupa wa paja na bega ikiweza kubaki nyekundu. Kisha anafungwa vizuri, anapakiwa kwenye gari na kuvuka mji pamoja na foleni zake. Akifika anapambwa kwa nyanya, matango na karoti, anawekwa majani mdomoni na kusimamishwa mbele ya ukumbi mdogo wa sebuleni. Anasimama hapo wakati wa sala, anasimama wakati wa utambulisho, anasimama wajomba wanapoongea. Baadaye mwenye sherehe anamkata na kulishana kama keki.

Familia isiyotaka kuachana na ndafu, na ni wachache wanaotaka, inaweza kuiokoa kwa mambo machache. Mchomaji aambiwe muda halisi wa wageni kula, siyo ule wa kwenye kadi. Ndafu ikatwe mapema katika ratiba, ivuliwe mapambo na irudi jikoni moja kwa moja. Huko ichanwe vipande na vipande hivyo virudi juu ya makaa mpaka viive hadi ndani na kutoa mvuke, ndipo wageni wapakuliwe. Hakuna atakayelalamika kupewa nyama ya moto. Nyumba yenye ndafu, zaidi ya hayo, haihitaji tena kuku kilo 15, na fedha hiyo inaweza kununua matunda.

Sahani ya mama

Katika sherehe nyingi za wazee hutokea jambo la kusikitisha ambalo hufanywa kwa upendo kabisa. Watoto wanapika kila kitu kitamu, kisha mwenye siku yake analetewa kisahani pembeni: kipande cha kuku wa kuchemsha, matango na ugali wa dona. Wageni wanamwonea huruma. Yeye anatabasamu kwa ajili ya picha, halafu usiku anakula kwa siri kila alichonyimwa.

Mwenye kisukari hahitaji chungu chake. Anahitaji meza yenye vya kuchagua. Mpango unaofundishwa kwenye kliniki nyingi ni rahisi: nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe nyama, samaki au maharage, na robo iliyobaki ndiyo iwe wali, ndizi au chapati. Ili hilo liwezekane, mboga lazima ziwe nyingi. Mchicha wa vitunguu, bamia, kabichi na kachumbari vikipikwa kwa wingi unaostahili watu 40, badala ya bakuli moja la kupamba meza, mama anapakua pilau lake kidogo kama wengine na hakuna anayegeuka kumtazama.

Chumvi nayo huingia kwa milango mingi. Mpishi anaweka chumvi kwenye nyama, anaongeza vidonge vya supu, halafu viungo vya pakiti, na vyote vina chumvi ndani yake. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na kwenye karamu ya watu wa umri wa mama wengi wana shinikizo la damu. Vidonge vya supu viachwe. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari na pilipili vitafanya kazi hiyo, na chachandu ikae mezani kwa anayetaka ukali zaidi.

Kuhusu vinywaji, chupa moja ya soda huweza kuwa na sukari zaidi ya gramu 30. Maji ya kunywa yawekwe kila meza, yasiwe ya kuombwa. Juisi ya ukwaju au rozela itengenezwe bila sukari, na sukari iwekwe pembeni.

Kuna hatari nyingine inayosahaulika kwa kuwa watu wameelekeza akili kwenye sukari kupanda. Mgonjwa anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, akichelewa kula sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jingi, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa, na katikati ya muziki mtu anaweza kudhani mzee amechoka tu. Kama bado ana fahamu na anaweza kumeza, anahitaji kitu chenye sukari hapohapo. Ile soda iliyokatazwa ndiyo inakuwa dawa. Akishindwa kumeza asilazimishwe, awahishwe hospitali. Nyumba yenye wazee wa namna hii iwapakulie wao kwanza, hata kama MC hajamaliza.

Watoto nao wasingoje. Wakila saa 12 jioni wanaacha kuzunguka majiko ya mkaa, jambo ambalo peke yake linatosha kuwa sababu. Karanga nzima, bisi na pipi ngumu zisiwekwe kwenye mabakuli ya chini wanakofikia walio chini ya miaka mitano, kwa sababu huweza kuwapalia. Soseji zikatwe kwa urefu, siyo kwa miviringo. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asionjeshwe asali, hata kidogo.

Mikono ya jikoni

Siku ya sherehe jiko linajaa wasaidizi: majirani, mabinti wa kanisani au msikitini, shangazi aliyefika asubuhi na kisu chake. Ni baraka, na ndiyo njia mojawapo ya ugonjwa kuingia. Anayeharisha au mwenye kidonda kidoleni apewe kazi ya viti. Ubao uliokatiwa kuku mbichi usikatiwe nyanya. Kachumbari, ambayo haipiti motoni, ioshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutibiwa na ikatwe mwisho kabisa, wageni wakiwa wameshaketi.

Wiki moja kabla, swali liulizwe kwenye kundi la WhatsApp la familia: nani hali nini? Mmoja hali kamba kwa sababu anavimba midomo, mwingine karanga, mwingine hagusi nyama nyekundu. Mbuzi akichinjwa na Muislamu, suala la imani kwenye familia iliyochanganyika limekwisha. Anayetaka kitimoto atakula Jumapili kwa nafasi yake.

Kwenye kikao cha pili, daftari la dada lina mistari mingi iliyokatwa. Zimebaki sambusa za kuanzia, pilau, ndizi nyama, ndafu, mchicha, kachumbari na matikiti. Biriani limeondoka kwa malalamiko. Chipsi zimeondoka kwa sababu hakuna jiko la kuzikaanga saa 3 usiku. Ndizi nyama imebaki kwa kuwa mama ameulizwa, kwa mara ya kwanza tangu mipango ianze, na hilo ndilo pekee aliloomba.

Kilichobaki kwenye kikao hicho ni kumteua mtu wa viporo. Asiwe mpishi, maana atakuwa hoi. Kazi yake ni kusimama jikoni watu wakianza kucheza, kugawa chakula ambacho hakijagushwa kwenye vyombo vidogo na kukiingiza kwenye friji kabla saa mbili hazijapita, na kumwambia shangazi anayefungasha pilau la Kibaha kwamba lililokaa mezani tangu saa 3 halisafiri.