Kuchora utachora likizo

Jumamosi jioni mdogo wangu alitoka chumbani na karatasi mkononi. Yuko Gredi ya 9, na mwaka huu lazima achague mkondo wa kusoma sekondari pevu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi za Jamii, ama Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mathe aliisoma yote, akaweka miwani mezani, akasema, "STEM." Msichana akasema yeye anataka Sanaa. Mathe hakumjibu. Aliniangalia mimi.

Hapo nielewe. Mimi ndiye mfano wa nyumba. Niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ambayo sikuipenda hata siku moja, na sasa naandika mtandaoni na kuchora mabango ya vinyozi na saluni hapa Isiolo. Mathe anaamini kuchora ndiko kulikoniharibu. Mimi naona sikuharibiwa na kuchora, nilinyimwa. Lakini hebu jaribu kumwambia hivyo mama Mkenya aliyelipa karo kwa kuuza mbuzi.

Shuleni kwetu Sanaa haikuwa kwenye ratiba. KCSE ilikuwa na mtihani wa Sanaa, ilikuwa na wa Muziki pia, ila sisi tulipofika Kidato cha Tatu tulichagua kati ya Kilimo na Biashara, basi. Daftari langu la Kemia lilikuwa na michoro mingi kuliko Kemia.

Kichekesho ni kwamba msimu wa tamasha za muziki ukifika, shule ilikuwa inageuka. Anatafutwa mzee mmoja wa mtaani anayejua ngoma za Waturkana vizuri, analipwa kitu kidogo, na wiki kadhaa ukumbi unatikisika. Kombe likipatikana, linawekwa ofisini kwa mwalimu mkuu mahali wageni wataliona. Tamasha ikiisha mzee anarudi kwake, sisi tunarudi kwa Kemia. Kumfundisha mtoto ngoma ili shule ipate kombe ilikuwa sawa. Kumfundisha darasani ili mtoto mwenyewe apate gredi, hapana.

Na kisheria hangeweza. Bila kusajiliwa na TSC hufundishi. Ili uwe mwalimu wa sekondari unahitaji C+ ya KCSE, na C+ nyingine katika kila moja ya masomo mawili utakayofundisha. Sasa fuata hiyo hesabu polepole. Mtoto amesoma shule isiyo na somo la Sanaa. Hana gredi ya Sanaa. Hawezi kusomea ualimu wa Sanaa. Kwa hivyo shule ile ile haitapata mwalimu wa Sanaa kutoka hapa, itangoja aletwe kutoka mbali, na akiletwa, mwaka wa pili anaomba uhamisho. Duara hilo lilianza kabla sijazaliwa, na mtaala mpya umelikuta hapo hapo.

Ndiyo maana sishangilii sana ninaposikia mkondo wa tatu umefunguliwa. Kwa karatasi ni kitu kizuri, wallahi: michezo, muziki na densi, maigizo na filamu, sanaa za kuchora na kuchonga. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 limeingia Januari 2026. Lakini kila sekondari pevu lazima iwe na STEM pamoja na angalau mkondo mmoja mwingine, na wewe ukiwa mwalimu mkuu utachagua upi? Walimu wa Historia na Dini unao tayari. Sanaa inataka chumba, rangi, udongo, ala na mtu anayejua kuzitumia. Hata serikali katika mipango yake ililenga asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM, 25 Sayansi za Jamii, na 15 tu Sanaa na Michezo.

Haya yote yanatokea Isiolo, buda. Simamisha gari hapa uone kama hujaletewa bangili dirishani: shaba nyekundu, shaba ya manjano, alumini, zimesokotwa kwa mkono. Kuna wanaotengeneza visu na ala zake za ngozi. Kina mama Wasamburu na Waturkana wanapanga rangi za shanga bila kuchora popote kwanza. Joy Adamson, yule wa simba Elsa, aliishi hapa mumewe akiwa afisa wa wanyamapori, na serikali ya kikoloni ikamlipa achore watu wa jamii za Kenya na mapambo yao. Aliyechora shanga alilipwa na serikali. Waliozitunga wanauza kando ya barabara hadi leo.

Mimi ningependa kitu kimoja kidogo. Mwalimu wa Sanaa aliyesajiliwa abaki ndiye wa kusimamia na kutoa alama, lakini fundi wa shaba aruhusiwe kuingia darasani mara mbili kwa wiki, na alipwe kwa utaratibu unaojulikana, si zile za msimu wa tamasha. Na watoto wa kundi hili wanaotaka ualimu wa Sanaa wasaidiwe waziwazi, ili baada ya miaka kumi duara lipasuke.

Lakini mdogo wangu hana miaka kumi. Jumatatu tulikaa na simu yangu na orodha ya shule, na swali letu halikuwa "mnatoa Sanaa?" bali "mwalimu wa Sanaa yuko, na anafundishia wapi?" Shule ya kwanza ilisema wana STEM na Sayansi za Jamii pekee. Ya pili ikasema mwalimu anakuja. Anakuja lini? Anakuja tu. Ya tatu iko mbali, nauli peke yake inauma, lakini aliyeshika simu alituambia mwalimu yuko, chumba kiko, na wanafunzi wana mradi wa uchongaji muhula huu.

Mathe alikuwa jikoni, kimya muda wote huo. "Muulize," akasema, "bweni la wasichana liko?"