Akaunti ngeni katika tarakilishi: Chunguza kabla ya kufuta

KUWASHA tarakilishi nyumbani na kukuta jina lisilojulikana katika orodha ya watumiaji ni jambo linaloweza kumnyima mtu usingizi. Fikra ya kwanza huwa kwamba mwizi wa mitandaoni ameingia, na sasa anasoma stakabadhi za ushuru na maelezo ya benki ya familia. Fikra ya pili, ambayo huvuruga nyumba zaidi, ni kumshuku kijana wa nyumbani au fundi aliyeitengeneza mashine hiyo juzi.

Hata hivyo, si kila jina geni ni la mhalifu. Akaunti huweza kuundwa na mfumo wenyewe, na mtu aliyepewa idhini, au na mvamizi. Kazi ya mwenye tarakilishi ni kubaini ni yupi kati ya hao watatu kabla ya kumnyoshea yeyote kidole.

Mfano mzuri ulitokea mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watumiaji wengi wa Windows XP walishtuka kuona jina "ASP.NET Machine Account" likitokea ghafla na kudai nywila ambayo hawakuwahi kuiweka. Wengi waliamini wamevamiwa. Ukweli ni kwamba akaunti hiyo iliundwa na programu ya kampuni ya Microsoft yenyewe, iitwayo .NET Framework, ilipowekwa kwenye mashine. Ilikuwa na mamlaka finyu na haikuwa ya mtu yeyote.

Mambo hayajabadilika sana tangu hapo. Katika Windows 10 na Windows 11 mna majina kama Administrator, Guest, DefaultAccount na WDAGUtilityAccount, ambalo lilianza kuonekana mwaka wa 2017. Yote huwekwa na mfumo, na kwa kawaida huwa yamezimwa. Kuyakuta hapo si dalili ya uvamizi.

Kuna njia nyepesi ya kupata ukweli. Mwenye tarakilishi akifungua dirisha la kuandikia amri na kuandika "net user", ataona orodha ya akaunti, zikiwemo hata zile zisizotokea kwenye skrini ya kuingilia. Akiongeza jina la akaunti anayoishuku baada ya maneno hayo, ataelezwa mambo matatu muhimu: iwapo akaunti hiyo imewashwa, ni lini ilitumiwa mara ya mwisho, na ipo katika kundi gani.

Kundi ndilo la kutazamwa kwa makini. Akaunti iliyo katika kundi la "Administrators" inaweza kuweka programu, kufungua faili za watumiaji wengine na kubadilisha nywila zao. Jina geni lililowashwa, lililo katika kundi hilo, na lililotumiwa saa ambazo jamaa wote walikuwa wamelala, ni sababu tosha ya kuingiwa na hofu.

Kabla ya kufikia uamuzi huo, ni busara kuulizana kwa upole. Mafundi wengi huunda akaunti ya kufanyia kazi kisha wakasahau kuiondoa. Watoto nao huunda zao ili kucheza michezo.

Iwapo hakuna anayeitambua, kosa kubwa ni kuifuta na kuendelea na shughuli kana kwamba mambo yamekwisha. Ili kuunda akaunti, mtu huhitaji kwanza mamlaka ya msimamizi. Maana yake ni kwamba mvamizi aliingia kupitia mlango mwingine, na akaunti hiyo ni ufunguo wa akiba tu. Kuitupa hakuuzibi mlango. Isitoshe, kuifuta huweza kupoteza ushahidi.

Hatua ifaayo ni kuikata tarakilishi kwenye intaneti, kupiga picha ya kinachoonekana kwenye skrini, kisha kuizima akaunti hiyo bila kuifuta. Nywila za baruapepe na benki zibadilishwe kwa kutumia chombo kingine kilicho salama, kwani zikiandikwa kwenye mashine iliyovamiwa huenda zikanaswa papo hapo. Baada ya kuhifadhi nyaraka muhimu kando, dawa ya uhakika ni kuufuta mfumo wote na kuuweka upya.

Sheria nayo ipo. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, anayevunja kinga ya tarakilishi ili kuingia bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh5 milioni, kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili. Malalamishi huweza kupelekwa kwa polisi.

Kinga bora ni kila jamaa kuwa na akaunti yake isiyo na mamlaka ya msimamizi, na ile ya msimamizi kuhifadhiwa kwa kazi maalumu. Fundi naye anapomaliza kazi, orodha ya watumiaji ikaguliwe kabla hajalipwa.