Kutoka Chalbi hadi Mlima Kenya: Namna ya Kuchagua Vituo vya Safari ya Masomo

Mtu asimamaye alfajiri katikati ya Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, yuko kiasi cha meta 400 tu juu ya usawa wa bahari. Akiifuata barabara ya kusini kupitia Marsabit, Archers Post na Isiolo, siku ya tatu jioni aweza kunywa chai Naro Moru, katika mwinuko wa meta 2,000 hivi, huku akiitazama Batian, kilele cha Mlima Kenya chenye meta 5,199. Tangu lami ya Isiolo hadi Moyale ilipokamilika katika muongo wa 2010, sehemu kubwa ya njia hii yapitika kwa basi la shule. Kipande cha Chalbi hadi Marsabit bado chataka gari imara na dereva aijuaye nchi.

Kosa la kawaida katika safari za namna hii ni kutaka kuona kila kitu. Wanafunzi hushuka garini mara ishirini, hupiga picha, kisha hurudi nyumbani wakiwa na picha tu. Yafaa mwalimu achague vituo vichache vinavyojibu swali moja. Katika njia hii swali lenyewe halina budi kuwa maji: yatoka wapi, na nani huyapata?

Chalbi pafikiwe kabla ya jua kupanda. Uwanda ule mweupe ulikuwa ziwa hapo kale, zama mvua za Afrika zilipokuwa nyingi kuliko sasa. Chumvi na magadi yaliyosalia ni mashapo ya maji yaliyokauka. Kufikia saa nne mchana hewa iliyo karibu na ardhi huwa ya moto kuliko ile ya juu yake, miali ya nuru hupinda, na mazigazi huonekana: ziwa la uongo juu ya ziwa lililokufa. Kalacha, ukingoni, kuna chemchemi na mikoma, na Wagabra huleta ngamia wao kunywa. Mvua ikinyesha, safari ya kuvuka uwanda iahirishwe bila ubishi. Ganda la chumvi huficha tope, na gari lililozama humo halitoki kwa kusukumwa.

Mlima Marsabit ni volkeno pana iliyoinuka katikati ya nchi kavu hadi meta 1,707. Kaskazini mwa mji, karibu na barabara, Gof Redo yatosha kumwonyesha mwanafunzi kasoko ni kitu gani. Hakuna haja ya kuzunguka kasoko zote. Lakini ni heri walale Marsabit, kwani somo lenyewe huja usiku. Upepo utokao kusini mashariki, ukiwa umebeba unyevu wa bahari, hupita juu ya tambarare zenye joto bila kuacha hata tone. Ukifika mlimani hulazimika kupanda, hupoa, na mvuke hugeuka ukungu. Asubuhi majani ya msituni hudondosha maji ijapokuwa mvua haikunyesha. Msitu ukikatwa, ukungu hukosa cha kunasia. Ziwa Paradise, lililomo ndani ya kasoko ya Gof Sokorte Guda, hukauka katika miaka ya ukame, na mwalimu asiwaahidi wanafunzi kwamba watalikuta limejaa. (Humu ndimo alimoishi Ahmed, ndovu aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1970, akafa mwaka 1974.)

Toka Marsabit hadi Isiolo ni zaidi ya kilometa 250, na sehemu kubwa ya Kaisut yaweza kupitwa bila kusimama. Kituo kiwe Ololokwe, mlima wenye kilele bapa na kuta za mwamba wanamotagia tumbusi. Huu si volkeno. Ni mwamba wa kale mno, uliopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, ukabaki umesimama miamba laini iliyouzunguka ilipomomonyoka.

Archers Post ndipo penye uzito wa safari nzima. Mto Ewaso Ng'iro hupita hapo ukielekea kinamasi cha Lorian, na wafugaji wa Kisamburu, pamoja na wanyama wa hifadhi jirani, huutegemea. Vipimo vilivyochukuliwa hapa vyaonyesha kwamba mtiririko wa Februari, mwezi wa kiangazi, ulipungua sana kati ya miaka ya 1960 na ya 1990. Wanafunzi wakae darajani, kwani mamba wamo, na wadondoshe kijiti upande mmoja na kuhesabu sekunde hadi kitokee upande wa pili. Waandike.

Baada ya Isiolo barabara hupanda kwa ghafla. Timau iko upande wa mlima ulio katika kivuli cha mvua, lakini mashamba ya ngano, mboga na maua ni mengi, kwa kuwa mito ya mlimani huvutwa kwa mabomba. Hapa ndipo jawabu la Archers Post lianzapo kuonekana. Vyama vya watumiaji maji, vilivyotambuliwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2002, huwakutanisha watu wa juu na wa chini ili wagawane zamu wakati wa kiangazi. Mkutano mmoja na viongozi wa chama cha namna hiyo una faida kuliko kasoko tatu.

Kwenye Ikweta, kusini kidogo ya Nanyuki, wageni huonyeshwa beseni ambalo maji yake huzunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Ni mchezo wa mkono. Mzunguko wa dunia hupindisha dhoruba zenye upana wa mamia ya kilometa. Katika beseni nguvu yake ni hafifu mno, na mwelekeo huamuliwa na namna maji yalivyomiminwa.

Naro Moru maji yachemshwe tena, kama yalivyochemshwa Chalbi. Kule kipimajoto kilikaribia digrii 99. Hapa kitasimama karibu na 93, na maharage yatakawia kuiva. Mlimani barafu ya Lewis ilipoteza kiasi cha asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Wengi hudhani kwamba mito itakauka barafu ikiisha. Sivyo, kwa maana barafu ile ni ndogo, na mito hulishwa hasa na mvua inayonyonywa na msitu na nyika za juu. Kijiti cha pili kidondoshwe katika mto Naro Moru, ambao ni tawi la Ewaso Ng'iro, na sekunde zake ziandikwe kando ya zile za Archers Post.