Kununua lori Guangzhou: tani za kibati na tani za barabarani

Kwa zaidi ya miaka ishirini, mji wa Guangzhou, kusini mwa China, umekuwa mlango wa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki. Wengi huufahamu mtaa wa Xiaobei na jengo la Tianxiu, ambako Kiswahili kimezoeleka kusikika kando ya Kiarabu, Kifaransa na Kilingala.

Idadi yao imepungua ikilinganishwa na miaka ya 2000, na janga la corona la mwaka 2020 liliwarudisha wengi makwao. Hata hivyo biashara haikukatika, hasa msimu wa maonyesho makubwa ya bidhaa, yanayofanyika mjini humo tangu mwaka 1957, masika na vuli.

Miongoni mwa wanaofika wamo wanaotafuta malori na trela. Aghalabu hizo ni fedha za familia nzima, au mkopo uliowekewa rehani ya nyumba.

Si ajabu mnunuzi wa namna hiyo kuonyeshwa trela ya ekseli tatu na kuambiwa ni ya tani 60. Je, tani hizo ni zipi? Na zitakubalika wapi?

Uzito si mmoja

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba gari lina kipimo kimoja cha uzito. Vipo angalau vinne, na kila kimoja kina kazi yake.

Cha kwanza ni uzito wa gari likiwa tupu. Katika kibati kinachobandikwa na kiwanda cha China huitwa zhengbei zhiliang.

Cha pili ni uzito wa juu kabisa wa gari pamoja na kila kilichomo: mzigo, mafuta, dereva, utingo na tairi ya akiba. Huo huitwa zong zhiliang. Ukiondoa uzito mtupu kutoka katika huo, kinachobaki ndicho uwezo wa kubeba.

Cha tatu ni uzito ambao kichwa cha lori kinaruhusiwa kuvuta, yaani zhun qianyin zong zhiliang. Hapa huhesabiwa trela yenyewe pamoja na shehena yake, si shehena peke yake.

Cha nne husahaulika mno. Ni ule uzito wa trela unaokalia mgongo wa kichwa, pale trela inapofungwa. Trela ya nusu haivutwi tu, bali sehemu yake hubebwa. Kwa hiyo kichwa huweza kuwa na nguvu ya kuvuta tani nyingi, lakini ekseli zake za nyuma zikawa zimeelemewa.

Kanuni ya kukumbuka ni moja: kikomo kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. Chuma imara cha trela hakiongezi nguvu ya breki, na injini kubwa haiongezi uwezo wa tairi.

Tani 60 zinavyokuwa 33

Kikomo kingine hakimo katika kibati hata kidogo, nacho ni sheria ya nchi gari linakokwenda.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya kudhibiti uzito wa magari mwaka 2013, na Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Chini ya sheria hiyo, ekseli ya usukani hairuhusiwi kuzidi tani 8. Ekseli mbili za nyuma zenye tairi mbili mbili kila upande ni tani 18, na kundi la ekseli tatu za trela ni tani 24. Msafara mzima, hata ukiwa na ekseli saba, hauruhusiwi kuzidi tani 56.

Tuchukue mfano wa kichwa cha ekseli tatu kinachovuta trela ya ekseli tatu. Jumlisha 8, 18 na 24, utapata tani 50.

Tuseme kichwa kitupu kina tani 9, trela tupu tani 7 na nusu, na mafuta, watu na vifaa nusu tani. Jumla ni tani 17. Zinazobaki kwa mzigo ni 33.

Tani 60 za muuzaji zimekuwa 33, na huenda hakusema uongo. Pengine alizungumzia uimara wa chuma, ilhali mnunuzi alifikiria barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma.

China nayo ina vikomo vyake. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2016 ziliweka tani 49 kwa msafara wa ekseli sita, kutoka tani 55 za awali. Trela ya tani 60 za shehena, basi, haiwezi kupita kihalali hata katika barabara za nchi iliyotengenezwa.

Mzigo ukae wapi?

Hata tani 33 hizo zina masharti. Katika mfano wetu, takriban tani 16 na nusu za trela na shehena yake zikalie kichwa, na tani 24 zibebwe na ekseli za trela.

Shehena ikisukumwa mbele mno, ekseli za kichwa huzidi kikomo ingawa jumla ni halali. Ikirundikwa nyuma mno, kichwa huwa chepesi, usukani hupoteza mshiko na trela huanza kuyumba.

Ndiyo maana mizani za Vigwaza nchini Tanzania au Mariakani nchini Kenya hupima ekseli na si jumla peke yake. Atakayekutwa amezidisha hukabiliwa na faini na kutakiwa kupunguza au kupanga upya mzigo.

Msomaji aliye ughaibuni na pikapu yake naye asijione hayamhusu. Kwa trela ndogo ya kuvutwa kwa ndoano, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake inapaswa kukalia ndoano, na kiasi hicho huhesabiwa kuwa mzigo wa pikapu.

Pikapu ya kubeba kilo 1,000 ikivuta trela ya kilo 2,000, kilo 200 hivi zimekwisha kutumika kwenye ndoano. Watu watano wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 350. Zimebaki 450 tu, na pengine mwenyewe amekwisha kupakia mifuko kumi na miwili ya saruji, yaani kilo 600.

Kwa nini vikomo hivi viwepo?

Wapo wanaoziona mizani kuwa chombo cha kukamua wenye malori. Lakini barabara ina hesabu yake. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu wa lami huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Kwa maneno mengine, ekseli ya tani 10 ikipakiwa tani 12, uharibifu huwa mara mbili.

Madaraja nayo hulipa. Tarehe 10 Oktoba mwaka 2019, daraja la barabara ya juu lilianguka mjini Wuxi, mashariki mwa China, na kuua watu watatu. Uchunguzi wa awali uliyataja malori yaliyozidisha mzigo.

Zaidi ya yote kuna breki. Mlima hupima injini wakati wa kupanda, lakini hupima breki wakati wa kushuka. Lori linalorudi na shaba kutoka Zambia au Kongo huteremka Kitonga, mkoani Iringa, na kila tani ya ziada huongeza joto ambalo breki lazima zilimeze. Mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ya kuzuiwa huongezeka mara nne. Breki zikishapata moto kupita kiasi, dereva hukanyaga pasipo jibu.

Madereva wazoefu huchagua gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko. Lakini uzoefu haufuti tani zilizozidi.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi aliyeko Guangzhou ana nafasi ambayo dereva wake hataipata baadaye: nafasi ya kuuliza. Aombe picha ya kibati cha kichwa na cha trela, si karatasi ya matangazo pekee. Aulize uzito mtupu wa kila kimoja, kikomo cha kila ekseli, idadi na aina ya tairi, na uzito unaoruhusiwa kukalia kichwa. Kisha afanye hesabu kwa sheria ya kwao.

Trela nzito isiyo na sababu nayo ni hasara, kwani kila tani ya chuma ni tani moja ya shehena iliyopotea katika kila safari.

Atakayeshindwa kuzipiga hesabu hizo mezani atazipigiwa mizanini, na hapo atapoteza fedha na muda. Dereva wake huenda akazipigiwa mteremkoni, na huko hakuna wa kumlipa faini.