Usukani Mzito Si Uzee wa Gari



Wengi wenu katika skimu za Hola na Bura, na ninyi wa upande wa Garsen, huchukua mazao kwa pikapu kuukuu. Usukani ukianza kuwa mzito, mwenye gari husema, "Ni uzee tu," akaendelea na safari. Hivyo sivyo. Huo ni ugonjwa, na kila ugonjwa una sababu yake.

Kwanza fahamu jinsi mtambo unavyofanya kazi. Injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha pampu, na pampu husukuma mafuta katika mpira mpaka kwenye sanduku la usukani. Mafuta hayo ndiyo yasaidiayo mikono yako, kisha hurudi katika kikopo chake. Magari ya kwanza ya watu kuuzwa na mtambo huu yalikuwa ya Chrysler ya Marekani, mwaka 1951. Mkanda ukikatika, magurudumu bado yatageuka, lakini kwa nguvu zako peke yako. Fikiri jambo hilo likikupata juu ya tuta, una magunia nyuma, na maji ya mafuriko kulia na kushoto!

Basi fanya hivi:

1. Pima upepo wa magurudumu ya mbele. Upepo ukipungua, usukani huwa mzito, na kuujaza si ghali.

2. Zima injini, utazame mkanda. Ukilegea, ukaze, ukiwa na nyufa, ubadilishe.

3. Tazama mafuta katika kikopo. Povu ni dalili ya hewa. Mafuta meusi yanayonuka kuungua yabadilishwe. Tumia aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Usitie mafuta ya breki hata tone moja, maana huharibu mipira ya ndani.

4. Mafuta yakipungua, yanavuja. Tandika karatasi ngumu chini ya gari usiku, asubuhi utaona mahali. Usipapase mpira kwa mkono injini inapokwenda: mafuta ni ya moto, na yaweza kupenya ngozi.

5. Mpira ukipasuka, nunua wa aina yake. Mpira wa maji uliofungwa kwa waya hautastahimili.

6. Baada ya kutengeneza, toa hewa. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, inua ya mbele kwa jeki, na uweke vigogo imara chini ya gari. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani polepole mpaka mwisho, kulia na kushoto, mara 20 hivi, mwenzako akiongeza mafuta. Kisha washa injini, urudie mpaka povu liishe. Usiushikilie mwisho kupita sekunde 5, utaichosha pampu.

Ikiwa pampu au sanduku lenyewe linavuja, hapo mwite fundi.

Tazama kikopo kila juma kabla ya kupakia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.