Pikipiki ya umeme nayo ni pikipiki mbele ya sheria

KIMYA cha pikipiki ya umeme kisimdanganye mtu. Haitumii petroli wala haitoi moshi, lakini anayeiendesha kutoka Embu hadi Runyenjes, au kutoka Makutano hadi soko la Gakoromone mjini Meru, anabanwa na sheria zile zile zinazombana mwenzake wa pikipiki ya mafuta.

Sheria ya Trafiki, iliyoanza kutumika mwaka wa 1954, inaeleza gari kuwa chombo kinachoendeshwa kwa nguvu za mtambo. Haikusema mtambo huo lazima unywe petroli. Kwa hivyo mota ya umeme imo ndani ya maelezo hayo, ijapokuwa walioyaandika hawakuwa wameiona skuta ya betri.

Kutokana na hayo, ni lazima pikipiki hiyo isajiliwe na kupewa nambari, naye mwendeshaji awe na leseni. Leseni ya bodaboda ni ya daraja la A3. Ile ya A2 ni ya pikipiki ya kawaida, isiyo ya kubeba abiria kwa malipo.

Marekebisho ya mwaka wa 2012 yalimtaka mwenye pikipiki atoe helmeti mbili na jaketi mbili za kuakisi mwanga, za mwendeshaji na za abiria. Aidha, abiria ni mmoja tu. Anayewapakia watoto watatu kuwapeleka shule anavunja sheria, hata kama wazazi wao wameridhia.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni bima. Bima ya kuwakinga watu wengine ni ya lazima kwa kila gari barabarani. Hata hivyo, iliyokatwa kwa matumizi ya kibinafsi haimkingi abiria aliyelipa nauli. Akivunjika mguu, huenda gharama ya matibabu ikamwangukia yeye na jamaa zake, au mwenye pikipiki akashtakiwa na kulazimika kuuza shamba.

Nazo kaunti zina mamlaka yao. Katiba ya 2010 ilizikabidhi usimamizi wa trafiki na maegesho katika maeneo yao, na ndiyo sababu suala la steji za bodaboda ni la serikali za Meru na Embu.

Basi, kabla ya kununua pikipiki ya umeme, mnunuzi aulize kwanza kama inaweza kusajiliwa na kukatiwa bima. Isiyoweza, hata iwe rahisi namna gani, ni hasara iliyofichika.